Singo ya Mtumba

Zuhura alinitumia zile picha asubuhi, nikiwa nimekaa na mahamri na mbaazi zangu, njaa ikiniuma. Zuhura ni binti wa Riziki, rafiki yangu wa tangu chuo cha Kurani, na wakati huo Riziki alikuwa amebakiza siku chache tu kutoka eda ya mumewe. "Mama mdogo, shikamoo," aliandika. "Nataka mama akitoka eda aende spa Diani akapumzike, na wewe umsindikize. Yeye amesema uchague wewe." Nikamwandikia marahaba, nikafungua picha. Kulikuwa na kukandwa kwa mawe ya moto, kupakwa tope, kupakwa mwani, hata kupakwa chokoleti, kana kwamba mwanamke ni mkate. Na chini kabisa, imezungushiwa fremu ya dhahabu, kulikuwa na Singo ya Bibi Harusi wa Pwani. Mwanamke amelala kifudifudi, ua sikioni, macho ameyafumba, mgongo wote umepakwa kitu cha manjano. Niliilaza simu juu chini mezani. Zile mbaazi niliishia kuwapa kuku.

Baadaye niliiinua tena, maana sikutaka mtoto wa watu adhani namdharau. Chini ya picha palikuwa na maagizo ya kujitayarisha. Usinyoe siku moja kabla. Usile chakula kizito. Kunywa maji mengi, fika mapema, vua mapambo yote, tueleze kama una jeraha au una mimba. Nilicheka peke yangu hapo kwenye mimba, mimi na Riziki tulivyo sasa, na magoti yetu haya. Lakini kicheko chenyewe kilikuwa kichungu. Maagizo yale nayajua kwa moyo, kwa mpangilio uleule, kwa sababu upo mwaka mmoja wa ujana wangu ambao mdomo uliokuwa ukiyasema ulikuwa huu wangu. Watu wakiniuliza kwa nini siendi kukandwa na hali mgongo unaniuma, huwa nawaambia ni uzee na ubahili. Si uzee wala ubahili. Ni kinyaa, na kina umri mkubwa kuliko watoto wangu.

Hoteli sitaitaja, na hata nikiitaja hamtaipata, kwa kuwa imeshabadilisha wenyewe na majina. Nilikuwa nimepanga kwa mama mmoja wa Mwabungo, na kila asubuhi nilikwenda kazini kwa miguu, nguo yangu ya kazi nyeupe nimeikunja ndani ya mfuko. Chumba chetu kwa nje kilikuwa cha makuti na ndani cha saruji. Palikuwa na maporomoko madogo ya maji ukutani, yanayosukumwa na pampu iliyokuwa ikiguna saa zote, na wageni wakifumba macho wakisema wanasikia mto. Kitanda kilikuwa na tundu la kuingizia uso, na chini ya tundu, sakafuni, tuliweka bakuli la maji lenye maua yanayoelea, ili mgeni akifumbua macho aone kitu kizuri. Kubadilisha maji ya bakuli lile ilikuwa kazi yangu. Mtu akikandwa mpaka akalala usingizi, mate hudondoka. Mwanamke aliyeingia na miwani ya gharama na shingo ndefu aliniachia ute juu ya maua ya mkilua, na mimi nilipiga magoti nikayaokota ua moja moja. Ningeweza kuzoea hilo. Kuna watu huosha wagonjwa na maiti, na wana thawabu zao.

Kabla ya kulala kitandani mgeni alikaa kwenye kiti cha ukindu, akapewa maji yenye ndimu na kadi ya kuchagulia. Pale ndipo niliposikia mazungumzo ya kila aina, maana mtu anayeinama kumvua mgeni viatu haonekani. Wa Nairobi walikuja wawili wawili, wakasemana waume zao bila haya, halafu wakaulizana ni ipi inayoondoa uchovu na ipi inayong'arisha ngozi. Wa ng'ambo waliuliza kama ni vitu vya kweli, vya wenyeji, visivyo na kemikali. Msimamizi wetu, tuliyemwita Madam, alikuwa mwanamke nadhifu kutoka bara, kucha zake hazina doa, na alikuwa ametufundisha kumpeleka mgeni taratibu mpaka kwenye singo bila yeye kujua kwamba ameongozwa. "Waambie ndivyo mnavyowafanya mabibi harusi wenu," alituagiza. "Watu wanapenda story." Nami niliwaambia. Nilikuwa msichana, nilijivunia, na mwanzoni hakikuwa kitu cha uongo. Liwa, ule mti wa kunukia, lilisagwa jiweni, dalia, unga wa manjano wenye manukato, ikachanganywa na karafuu na mawaridi makavu, vyote vikalowekwa kwa marashi, na Saumu, mkandaji wetu, aliwasinga wageni kama alivyosinga wari wa kwao, wasichana wanaoolewa.

Sasa nieleze jambo lililoleta balaa, kwa sababu lilitoka kwetu. Singo hupakwa nene, huachwa ikauke kidogo, kisha husuguliwa mpaka inapukutika, na ikipukutika huanguka pamoja na nongo, ule uchafu wa ngozi uliochakaa. Kwetu mwari akisingwa hutandikiwa shuka, na kinachoanguka hakifagiwi. Ni mwili wa mtu. Somo wake, yule mwanamke anayemfunda, huikunja ile shuka pembe nne, asipoteze hata punje, akaenda kuzika mahali pasipokanyagwa. Hivyo siku yangu ya kwanza, Saumu alipomaliza na mgeni, sikushika ufagio. Nilifanya nililolelewa nalo. Nilikunja shuka kwa adabu, nikafunga furushi dogo zuri, nikaliweka pembeni nikisubiri kuuliza litazikwa wapi. Madam aliingia, akaliona, akalifungua. Akalinusa. Bado lilikuwa linanukia waridi na karafuu. Alilipimapima mkononi, akaniambia mimi ni msichana mwenye akili, kwamba wengine wote kabla yangu walikuwa wakifagia na kutupa kitu kizima.

Kuanzia hapo hakuna kilichotupwa. Mafurushi yalianikwa juu ya dari la bafu la wafanyakazi, juani, kwenye sinia. Yakishakauka nilipewa chungio la unga nichunge. Kilichobaki juu ya chungio sitakieleza chote. Nywele fupi za dhahabu, nywele ndefu nyeusi, kipande cha plasta, rangi nyekundu ya kucha, na vinyuzi vya kijivu vilivyojiviringisha kama vile vitokavyo kwenye kifutio cha shule. Kilichopita chini kiliongezwa liwa jipya kiasi na marashi mengi, kikatwangwa upya, kikarudi bakulini na ua la asumini juu yake. Harufu ya mbele ilikuwa waridi. Ya nyuma ilikuwa godoro la nyumba ya kulala wageni. Nilimwambia Saumu hii ni haramu, akanijibu bila kuinua uso kwamba wateja wanaondoka wanang'aa, hakuna aliyelalamika, na yeye ana wanafunzi wawili sekondari. Sikumchukia. Lakini kila alipochota kwa vidole viwili akampaka mtu shingoni, mwili wangu ulisisimka kuanzia kisogoni mpaka kwenye nyayo, na sasa ninapoandika unasisimka tena.

Chakula kilinishinda. Jikoni kwa wafanyakazi tulipewa ugali na maharage yaliyoelea wadudu, na wenzangu waliwatoa kwa ncha ya kijiko, wakaendelea na hadithi zao. Mimi wadudu walikuwa hawanisumbui tena. Nilichoogopa ni vidole vyangu, vilivyonuka karafuu hata nivioshe kwa jivu na ndimu. Wali ukinukia iliki naliona chungio. Mama mwenye nyumba aliponipikia tambi za sukari nilikula tonge moja nikakimbilia uani, akanitazama tumboni kwa jicho la kuhesabu. Kwa mgeni tunasema njoo mwenyeji apone. Mwaka ule mwenyeji aliugua, na mgeni alikuwa anapakwa ngozi ya mgeni wa jana huku akilipia.

Na ingeishia hapo ningekuwa na kisa cha kuchekesha tu. Lakini Riziki aliposwa. Mchumba alikuwa wa Msambweni, mtu mwenye boti ya kupeleka watalii kwenye matumbawe, na mama yake alikuwa na neno la mwisho katika kila jambo. Mama yule alitangaza mbele ya wanawake wote kwamba mkwe wake hatasingwa uani kwenye mkeka kama wasichana wengine. Atasingwa Diani hotelini, kitandani, kwa maji yanayoporomoka ukutani, na Msambweni nzima itajua. Alitaja hoteli yenyewe. Ilikuwa yetu.

Nilikwenda Munje kwa kina Riziki siku wanawake walipokuwa wakikunja sambusa. Jikoni kulikuwa na moshi na vicheko, nyama ya kusaga inakaangwa, vitunguu vinatoa machozi, na mama mchumba amejaa barazani karibu na mlango, anapepewa. Nilimvuta Riziki nyuma ya mtungi wa maji, nikamwambia yote kwa sauti ya chini, chungio, sinia, nywele. Nilimwambia ajifanye mgonjwa, aseme yuko hedhini, aseme lolote. Alinisikiliza akiwa ameshika kijiti cha kuchanganyia mafuta. Halafu akajibu kwa sauti ya watu wote kusikia.

"Mejuma, husuda itakuua. Wewe hujaposwa, ndiyo maana kila la mwenzio unaliona chafu."

Mama mchumba aligeuza shingo akanitazama, akarudi kwenye upepo wake. Nilichukua viatu vyangu nikatoka, na njia nzima sikujua nilikuwa nikilia kwa aibu au kwa hasira. Hata hivyo sikuweza kumwacha. Kumwona mtu uliyefunga naye Ramadhani ya kwanza, mkaibiana maji nyuma ya chuo, akipakwa masalio ya watu wasiojulikana, akaingizwa nayo kwenye ndoa, lilikuwa jambo ambalo tumbo langu lilikataa. Basi jioni mbili nilikaa uani Mwabungo na jiwe la liwa la mama mwenye nyumba, nikasaga mpaka mabega yakafa ganzi, nikachanganya dalia na mawaridi yangu mwenyewe, nikayatia kwenye bakuli lenye kifuniko. Siku ya Riziki ilipofika nikaliweka mezani, mahali pa lile jingine.

Madam aliliona kabla hata Saumu hajanawa. Alifunua, akafunika haraka, kama aliyekuta mende. "Hii umesagia wapi? Nyumbani? Kwenye jiwe?" Nikasema ndiyo. "Hapana, Mejuma. Wateja watatushtaki. Hapa ni usafi kwanza." Akalimwaga chooni, lote, akanirudishia bakuli likiwa limeoshwa, akatoka kwenda kuwapokea. Nilibaki nimeshika bakuli tupu, na nakiri nilicheka. Kuna uchafu ukizidi, mtu hana la kufanya ila kucheka.

Riziki aliletwa akiwa amefunikwa leso usoni, mama mchumba mbele na shangazi wawili nyuma, wakapewa maji ya ndimu. Nilimsomea maagizo kama mgeni yeyote. Amekula? Amenyoa? Ana jeraha? Alijibu kwa kutikisa kichwa. Alilala chali, akakataa kufumba macho. Saumu alimpaka kuanzia miguuni, na mimi kazi yangu ilikuwa kushikilia shuka ili kinachoanguka kisimwagike. Niliona punje zikimganda mabegani, nikaona unywele mmoja wa rangi ya majani makavu umelala juu ya mfupa wa koo lake, unapanda na kushuka anavyopumua. Niliutoa kwa kidole. Aliniangalia wakati huo, mara moja tu, kisha akarudisha macho kwenye makuti. Mama mchumba alikuwa anawasimulia shangazi kuhusu ile pampu. Saumu alisugua, ngozi ya Riziki ikatoka iking'aa kama sahani ya kaure, na wote wakapiga vigelegele.

Furushi lake sikulianika. Nililikunja pembe nne, nikavua nguo ya kazi nikaitundika, nikatoka kwa geti la wafanyakazi. Askari alikuwa mtu wa Kinango, mpole, lakini amri ya kupekua mifuko ilikuwa haina upole. Alinifungulisha. Akauliza kama ni mali ya hoteli. Nikamwambia nusu ni ya hoteli na nusu ni ngozi ya rafiki yangu, na sijui namna ya kuzitenganisha. Akalifunga mwenyewe, akanipa. Nililizika chini ya mhina wa pale Mwabungo, na kazini sikurudi hata kudai siku zangu.

Harusini nilikwenda, maana kutokwenda kungethibitisha husuda. Kila mwanamke aliyepita alisifu ngozi ya bibi harusi. Sijui nilitaka nini, labda nilitaka atokwe na vipele mbele yao wote. Hakupata hata kipele kimoja, na hilo ndilo lililonitia kinyaa kuliko chungio lenyewe, kwamba uchafu ule ulifanya kazi. Pilau ililetwa, harufu ya karafuu ikatangulia, nikaipitisha sahani kwa jirani yangu. Baada ya hapo mimi na Riziki tukawa watu wa salamu. Misibani, harusini, tunashikana mikono, hujambo, sijambo, watoto hawajambo. Mpaka mumewe alipofariki, nikaenda kuhani, akanishika kiganja mbele ya wanawake akawa hakiachii.

Kwa hiyo sikumjibu Zuhura. Eda ilipokwisha nilikwenda mwenyewe Msambweni na kikapu. Nilimkuta Riziki chumbani, ameshaoga josho lake la kutoka eda, amekaa kitandani, dirisha limefunguliwa kwa mara ya kwanza, chai ya maziwa imepoa pembeni na kipande cha mkate wa sinia kimeumwa mara moja kikaachwa. Muda wote ule alikuwa hajagusa manukato wala mafuta mazuri. Chumba kilinuka shuka za zamani na dawa ya kuchua ya marehemu. Tukasalimiana kwa urefu, kama inavyopasa. Kisha akaniuliza nimechagua ipi.

"Hata moja," nikasema.

"Nilijua. Ndiyo maana nilimwambia uchague wewe." Aliisogeza chai, akauangalia utando wake. "Hata siku ile nilijua, Mejuma. Uliponiambia pale kwenye mtungi nilikuamini papo hapo."

Nikamuuliza basi mbona alinivunjia heshima mbele za watu.

"Mavyaa alikuwa mlangoni anasikia. Ningekuamini kwa sauti ingebidi nikatae, na mwari hakatai. Ilibidi nikunyamazishe." Alisema bila kuniomba msamaha, na sikuutaka. "Nililala pale nikijua kila punje imetoka mgongoni kwa mtu nisiyemjua. Nikajiambia, nikiliweza hili nitaliweza lolote litakalonikuta nyumba ile. Na kweli, niliweza."

Hakuwa akijisifu. Mume wake nilimjua, Mungu amrehemu, na mama yake pia, na mambo waliyoyasema watu juu ya nyumba ile niliyasikia kama walivyosikia wengine. Lakini sikuwahi kujua kwamba mafunzo yake alipewa pale kwetu, kitandani kwetu, mimi nimeshika shuka. Somo wangu mwenyewe alinifunda siku saba na hakunifundisha kitu kikali kama hicho. Neno lile, niliweza, lilinichafua roho kuliko vyote nilivyowahi kuchunga.

Nilifungua kikapu. Nilikuwa nimechukua jiwe la liwa, kipande cha liwa, dalia, mawaridi na chupa ya marashi. Hakushangaa. Alifunga mlango, akatandika shuka nyeupe sakafuni juu ya mkeka, akavua, akalala kifudifudi, mwanamke mzima mwenye mgongo uliopinda upande mmoja na alama ambazo sikuziuliza. Nilisaga nikiwa nimekaa kando yake. Nilipomsugua, ngozi ya miezi ile ya kufungiwa ilitoka kwa vinyuzi vya kijivu, vingi, vinajiviringisha chini ya kiganja changu vilevile kabisa, na ile harufu ya nyuma, ya godoro, ikaja na kuchanganyika na waridi. Mikono ilitaka kuacha. Mate yalinijaa mdomoni.

"Unasikia kinyaa," akasema, uso kwenye mkeka.

"Nasikia."

"Usiache."

Sikuacha. Nilimsugua mabega, kwapa, kiuno, nyuma ya magoti, kati ya vidole vya miguu, nikameza mate na kuendelea mpaka mwili wote ulipotoka mpya. Kisha nikakunja shuka pembe nne, nisipoteze hata punje, nikafunga furushi. Nilinyanyuka niende nikalizike. Riziki alikuwa ameshajifunga leso yake, akanyoosha mkono akalichukua mikononi mwangu.

"Hili langu," akasema, akafungua mlango akatoka uani kutafuta jembe.